Mwavi wa Vioo

Mama mkwe wangu hakuwa akila chakula nilichopika mimi mpaka kwanza amwone mtoto wangu amekimeza. Hakusema sababu. Alikaa na sahani yake magotini, akazungumza habari za mvua na za mahindi ya jirani, lakini jicho liko kwa mtoto. Mtoto akimeza, naye anatia mkono. Muda mrefu nilidhani ni mapenzi ya bibi kwa mjukuu, kwamba hataki kumtangulia kula. Siku nilipoelewa kwamba ananipima, kwamba amekata shauri mchawi hawezi kumlisha sumu mtoto wake mwenyewe, nilikwenda nyuma ya nyumba nikacheka kwa hasira, halafu nikalia.

Wala siwezi kumlaumu peke yake, maana na mimi sikumwamini hata kidogo. Nilikuwa nikiamka asubuhi natazama kizingiti kama hakuna kitu kimefukiwa. Tulikuwa wanawake wawili katika ua mmoja, tunaviziana kama paka na panya, na hatujui nani paka.

Mimi kwetu ni Idodi, upande wa Iringa, bondeni kwenye joto. Nilikuwa nakaa kwa shangazi yangu Iringa mjini, nauza chai na maandazi pale malori yanapolala, ndipo nikapata mume dereva. Yeye alikuwa mtu wa milima ya Rungwe, kusini ya Mbeya, anabeba mchele wa Chimala kuuleta Iringa. Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yuko, na dereva wa lori wakati ule alikuwa mtu: ana kofia, ana koti, ana maneno. Baba yangu alisita. Aliuliza kama kule Rungwe mabinti wamekwisha hata waje kutafuta Wahehe. Lakini ng'ombe walikuja, wazuri, basi nikaenda.

Kule kila kitu kilikuwa kigeni kwangu. Mvua haikatiki, ndizi zinaliwa badala ya ugali, na kuna baba mkwe ambaye sitakiwi kumwona. Ndiyo desturi yao: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hapiti anapopita, hakai naye chini ya paa moja. Ukisikia anakohoa njiani, unajitupa migombani na kujifunika kitambaa mpaka apite. Na sisi Wahehe tuna heshima zetu, sikatai, lakini hiyo ya kuruka vichakani na mtungi kichwani ilinishinda. Mara ya kwanza nilimwaga maji yote na mtungi ukavunjika. Mawifi walicheka mpaka wakakaa chini.

Taabu ilianzia miguuni mwa mume wangu. Alianza kuvua viatu akiendesha. Nikamuuliza, dereva mzima unaendesha peku kama mchunga mbuzi? Akasema viatu vinambana. Uongo mtupu. Alikuwa hasikii tena pedali, hajui kama mguu uko kwenye breki au kwenye klachi, kwa hiyo alivua ili apate kuutazama. Utingo wake ndiye aliyeniambia, baada ya lori kuingia mtaroni karibu na Chimala na mchele kumwagika barabarani. Hakufa mtu. Tajiri akamwambia apumzike kwanza, na tajiri akikwambia upumzike kwanza, ujue kazi imekwisha.

Akarudi nyumbani kukaa. Tumbo likawa leo linamwendesha, kesho limefunga. Akakonda, koti la udereva likamning'inia. Jioni moja tunaota moto, anatusimulia habari za barabara, mara nasikia harufu ya nyama inaungua. Natazama, kisigino chake kiko ndani ya makaa, naye anaendelea kusimulia. Mimi ndiye niliyemvuta mguu. Ulitoka malengelenge makubwa, na yeye hakuona uchungu wowote. Nilipomtazama usoni nikaona kwamba hakushangaa. Alikuwa amejua kitambo, akaninyamazia.

Kaka yake mkubwa alikufa hivyo hivyo kabla mimi sijaolewa. Na kule walikuwa na desturi nyingine, ambayo niliposimuliwa mwili ulinisisimka: mtu akifa kifo kisichoeleweka, ndugu zake humpasua kabla ya kumzika, watazame ndani kama ameuawa na watu. Wazee wenye kuijua kazi hiyo walimpasua kaka mtu. Wakakuta moyo umekakamaa kama nta iliyopoa, na ini vilevile. Walikuwa wamezoea kuona mioyo ya watu, na huo haukuwa moyo wa kawaida, basi wakakubaliana kwamba kuna mkono wa mtu. Kwa imani yao, aliye karibu nawe akikuchukia kwa siri, pumzi yake hukujia kama baridi, na hushika miguu kwanza.

Aliyekuwa karibu ni mke. Mke wa marehemu alirudishwa kwao, watoto wakabaki, maana watoto ni wa upande uliotoa ng'ombe. Nilipata kukutana naye sokoni Mbeya. Hakuniuliza habari ya mtu mwingine yeyote. Aliniuliza tu kama wanawe wanavaa nguo za kutosha wakati wa baridi.

Kwa hiyo baada ya kisigino kuungua nilijua zamu yangu imefika. Nilikuwa na watoto wawili, msichana aliyeanza kuchota maji kwa kibuyu kidogo, na mvulana wa kunyonya. Niliwaangalia wale watoto nikasema moyoni, nitatoka hapa nao, au sitoki.

Mama mkwe naye hakulala. Alipekua vitu vyangu akakuta kifuko cha unga wa kijani, akakipeleka kwa mganga. Ule ulikuwa mlenda, mboga tu! Mlenda mkavu wa Idodi ambao mama yangu alinitwangia nisahau upweke. Mganga akaunusa, akatikisa kichwa, akasema dawa hii ni kali, aachiwe yeye aishughulikie. Hakuurudisha. Mpaka leo naamini aliupika akala.

Lakini na mimi nilikuwa na langu. Asubuhi moja mama mkwe alikuwa anaepua chungu, kaa la moto likaruka likamwangukia mguuni. Hakustuka. Alisimama pale pale anamsema jirani aliyepitisha ng'ombe shambani, na kaa limekaa juu ya mguu wake linafuka. Mpaka moshi ulipompanda puani ndipo akatazama chini, akalipiga teke, akanitazama mimi, akashusha nguo yake ikafunika vidole. Nikajiambia, leo nimekupata. Mtu anayekanyaga moto bila kustuka si mtu wa hivi hivi. Nilipomwambia mume wangu, alisema nisimseme mama yake, akageukia ukutani. Nikaona hata yeye wamemfunga mdomo.

Basi hapo ndipo akatokea daktari Mzungu. Alitoka upande wa Iringa na dresa wake, yule msaidizi wa vidonda na sindano, anatafuta wenye ukoma, na mtu alimwambia kwamba katika ukoo ule kuna miguu isiyosikia moto. Alimchoma mume wangu kwa sindano hapa na pale, akaikagua ngozi yake, akasema huu si ukoma. Akauliza wangapi wamekufa hivi. Halafu akasema anataka damu ya ukoo wote, wazima na wagonjwa, wazaliwa na walioolewa.

Aka, kusema damu! Wakati ule habari za mumiani zilikuwa zimejaa kila mahali, kwamba Wazungu wana watu wao wa kukamata watu na kuwakamua damu wakafanyie dawa. Nusu ya kijiji ilihamia mashambani siku ile. Aliyekubali ni baba mkwe, na akikubali yeye, ukoo mzima umekubali. Hakukubali kwa sababu anampenda daktari. Alikuwa amezika mtoto mmoja na wa pili anamwona anakwisha, na alitaka kuambiwa ni nani. Mama mkwe alipitapita kwa wanawake akisema damu ya mtu haijui kuficha.

Dresa akatoa amri: tangu jioni mtu asile kitu, ila maji, mpaka atolewe damu asubuhi. Mimi Mkatoliki niliona ni kawaida, nikadhani ni kama tunavyofunga kabla ya komunyo, kwamba ni heshima tu. Asubuhi wakapanga mstari mbele ya shule ya kanisa lao. Baba mkwe mbele, ndugu zake nyuma yake, na watoto wao wanaume. Sasa mimi nitasimama wapi? Siwezi kukaa anapokaa yule mzee. Nikajificha migombani na mtoto mgongoni kungojea wanaume waishe. Wakiisha kutolewa damu hawaondoki, wanakaa kuzungumza na kuwacheka wanaozirai. Jua likapanda likafika utosini. Mtoto ananyonya, na maziwa yananitoka na nguvu zangu zote. Mke wa jirani akanionea huruma, akaniletea kibuyu cha maziwa ya mgando na ndizi mbivu, akasema mnyonyeshaji hafungi. Nilikunywa kile kibuyu chote, na mafuta yaliyoganda mdomoni pake nikayakomba kwa kidole. Baadaye sana ndipo wanaume walipotawanyika, dresa akaniita. Alikuwa amechoka, hakuniuliza kitu, akatoa damu, akaitia ndani ya kioo chembamba kama kidole, akakifunga kizibo.

Vile vioo vyembamba walivisimamisha mezani ndani ya darasa vilale hapo, na baridi ya Rungwe unaijua. Asubuhi watu wakajaa madirishani. Damu ilikuwa imejitenga: chini nzito nyeusi, juu maji ya manjano, safi, unaona upande wa pili. Kioo baada ya kioo ni hivyo hivyo, cha mume wangu pia. Kimoja tu kilikuwa cheupe. Maji yake yalikuwa kama maziwa, na juu kabisa yamefanya utando. Aliyejua kusoma akasoma jina lililobandikwa, na jina lilikuwa langu.

Serikali ilikuwa imepiga marufuku mwavi, ile dawa chungu waliyokuwa wakinyweshwa watu wanaoshukiwa uchawi. Ukitapika wewe safi, usipotapika wewe ndiye. Wazee walisikitika sana, wakasema sasa tutawajuaje wabaya wetu. Na leo Mzungu mwenyewe amewaletea mwavi wa vioo, bila kutapika, bila kelele, kila mtu anaona kwa macho yake. Mama mkwe alikuwa amesimama karibu nami. Alisema taratibu, bila kunitazama, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Daktari hakujua lolote. Alifunga vioo vyake ndani ya sanduku lenye pamba akaondoka siku ile ile. Na hukumu ikanifikia kwa mdomo wa wifi, kwa kuwa baba mkwe hawezi kusema nami: nirudi kwetu Idodi. Msichana anabaki. Mvulana naye anabaki, atazoea maziwa ya ng'ombe. Nilimwendea mume wangu, nikamwambia sema neno, hawa ni wako. Akasema hana miguu ya kusimama mbele ya baba yake. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilimchukia kuliko mama yake.

Sikungoja kufukuzwa. Nilimfunga mvulana mgongoni, msichana nikamwacha mikononi mwa baba yake, nikamwambia siku nikirudi nisimkute hapa, nyumba hii nitaichoma nawe ukiwa ndani. Alijua mdomo wangu. Nikashuka barabarani, nikapakiwa na yule utingo wake wa zamani juu ya magunia mpaka Iringa.

Dresa nilimkuta uani kwenye zahanati yao, anakausha vioo. Nikamwamkia "Kamwene," naye akaitikia kwa lugha ya kwetu, na machozi yakanitoka palepale, mimi ambaye sikulia mbele ya wale watu hata mara moja. Nikamweleza yote. Alikimbia kumwita daktari. Mzungu yule alisikiliza, shingo ikawa nyekundu, akauliza jambo moja tu: asubuhi ile nilikula nini?

Nilipomtajia kibuyu cha mgando, alikaa chini. Akaeleza, na dresa akanigeuzia kwa Kihehe. Mafuta unayokula huingia kwenye damu, na ndani ya damu hayaelei ovyo, yanafungwa na kubebwa na kitu kama ute wa yai. Mtu akitoka kula mafuta mengi, maji ya damu yake huchafuka yakawa meupe kwa saa kadhaa, halafu husafika. Mtu yeyote, mchawi au askofu. Alikuwa anawafungisha kwa sababu hiyo, maana alishuku kwamba kwa wagonjwa hawa ile mizigo ya mafuta imebadilika, lakini badiliko lenyewe halionekani kwa macho, mpaka damu ipelekwe Ulaya. Nikafikiri, hilo la kupelekwa Ulaya usiende kulisema Rungwe.

Akanilaza pale bila kula, asubuhi akatoa damu, ikasimama, ikawa safi. Nilikishika kile kioo nikakielekeza juani. Sijapata kuona kitu kizuri kama maji yale ya manjano.

Halafu akaniuliza habari za mama mkwe. Miguu yake ikoje? Ndugu zake walikufaje? Nikakumbuka maneno niliyoyasikia jikoni, wajomba wa mume wangu waliokwenda machimbo ya dhahabu Lupa wakarudi wanaburuta miguu. Nikamweleza na lile kaa la moto. Daktari akatikisa kichwa kwa muda. Akasema ugonjwa huu hauletwi na mtu, mtu anazaliwa nao. Katika mwili wake kuna kitu cha jamii ya ute wa yai, kinageuka kigumu, kinajipanga kwenye mishipa ya miguu, kwenye moyo, kwenye ini, polepole. Hauji utotoni, unamngoja mtu awe mkubwa. Mzazi aliye nao, katika watoto wake huyu anaupata, yule anaukosa, na hakuna anayechagua. Dawa hana.

Mimi pale nilisikia neno moja tu: si wewe. Mengine yalinipita. Daktari alikuwa na safari ya kurudi Rungwe kutafuta ndugu za mama mkwe, akanipakia nyuma ya Landrova na masanduku yake, na njia nzima niliimba nyimbo za kanisani huku nimempakata mwanangu, namrusha magotini. Dresa aliniuliza kama Iringa nimepitia kwenye ulanzi. Nilikuwa nimelewa kweli, kwa raha. Ni yeye! Damu ya kwao! Nilipanga maneno nitakayomwambia, neno baada ya neno.

Na hila nilikuwa nayo. Nilimwomba daktari amnyweshe mama mkwe maziwa, halafu atutoe damu sisi wawili, mimi nimefunga. Alikataa, akasema yeye si mwamuzi wa wachawi. Nikamwambia, Bwana Daktari, mwavi umekwisha kuwa, na wewe ndiye uliyeuleta, usipouvunja hakuna mtu kule atakayekupa hata tone. Akakubali kwa shingo upande.

Mama mkwe hakuogopa. Mkosaji ni mimi, yeye aogope nini? Ila alisema hanywi kitu nilichogusa, akaleta kibuyu chake mwenyewe, maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe, akanywa mbele ya watu wote, ananitazama juu ya kibuyu. Baadaye dresa akatutoa damu. Vioo viwili vikalala darasani, mlango umefungwa na ufunguo uko kwa baba mkwe.

Asubuhi wanaume waliingia darasani, sisi wanawake tukabaki nje dirishani. Changu kilikuwa safi. Chake kilikuwa cheupe kuliko kile changu cha kwanza, utando umeshikana kama wa uji. Halafu nikaona wifi mmoja, mtoto wake wa kumzaa, anavuta nguo yake taratibu isimguse mama yake. Na mwingine akasogea. Mama mkwe akabaki peke yake katikati ya nyasi, mikono haijui ikae wapi.

Nilifurahi. Nisidanganye, nilitaka kupiga vigelegele.

Dresa aliwaeleza habari ya maziwa, akawaambia hata baba mkwe akinywa kibuyu chake kitakuwa cheupe. Wengine walielewa, wengine hawakupenda kuelewa. Ndani nikamsikia baba mkwe anauliza kwa sauti ya uchovu: kama si huyu na si yule, wanangu wanauawa na nani? Dresa akamtazama daktari, daktari akatazama chini. Mimi uvumilivu ukanishinda. Nikaingia. Ndiyo, darasani, mbele ya baba mkwe, uso wazi. Wanaume wakaguna, mzee akageukia ukutani akajifunika blanketi. Faini yake nitailipa, nilisema moyoni, lakini leo nitasikika. Nikageuka mlangoni, nikamwambia mama mkwe, ukoo wote ukisikia:

"Mama, waonyeshe nyayo zako."

Hakubisha. Ndilo lililonishangaza. Alikuja mpaka mlangoni, akakaa chini kwenye kizingiti, akapandisha nguo. Miguu ilikuwa imejaa makovu ya moto, ya zamani na mapya, na kidole kimoja hakipo. Nikasema yote niliyoyapanga: kwamba hakuna mchawi, kwamba ugonjwa umetoka kwao, ndugu zake walikufa nao, na yeye mwenyewe amewazalia hapa, na kwa kuficha amemfukuzisha mwanamke mmoja asiye na kosa na alitaka kunifukuzisha wa pili. Nilisema vizuri. Nilipomaliza niliona ukoo mzima unaniamini, na nikajua sitarudishwa Idodi, wanangu ni wangu.

Mama mkwe alisubiri nimalize. Hakuwa na hasira. Msichana wangu alikuwa amekuja kusimama karibu naye, na mvulana nilikuwa nimemweka chini, anatambaa vumbini kati yetu. Aliwatazama wale watoto, mmoja kisha mwingine, muda mrefu.

"Nilijua," akasema, polepole. "Nilijua tangu kwa kaka zangu. Lakini nilikuwa namwomba Mungu uwe wewe. Ungekuwa wewe, ungeondoka, na hawa wangebaki wazima."

Hapo ndipo maneno ya daktari, yale yaliyonipita kule Iringa, yakanirudia yote. Huyu anaupata, yule anaukosa. Nilikuwa nimeyaleta mwenyewe, ndani ya Landrova, naimba.

Nikainama nikamshika mvulana mguu, nikamfinya kidole. Akalia. Mama mkwe akashusha pumzi. Wote wawili tulijua kwamba ugonjwa ule hauji mpaka mtu awe mkubwa, kwa hiyo kilio kile hakikuwa na maana yoyote. Akamvuta msichana akamkalisha mapajani, akaunyoosha mguu wa mtoto kunielekea, nami nikaufinya na huo.